Injini Kubwa ya Jongoo

Madereva wa kijiweni walimwita Jongoo, na yeye hakuona ubaya. Alikuwa dereva wa teksi aliyeendesha taratibu mpaka baiskeli zikampita, na ndiyo sababu wazee na wagonjwa walimpigia simu yeye, wakawaacha vijana wenye magari yanayong'aa. Bibi mwenye goti bovu, mzee aliyetoka kupasuliwa jicho, mama mwenye mimba ya mapacha, wote walitaka mtu anayelijua kila shimo la barabara ya hospitali na kuliheshimu. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu. Saa ya kilomita ilikuwa imeshazunguka hadi mwisho ikaanza upya, kisha ikachoka na kusimama kabisa. Lakini injini ilinguruma kwa adabu, na ndani yake kilisikika kimlio kidogo, tik-tik, ambacho hakuna fundi aliyewahi kukiondoa.

Gari hilo ndilo lililomlea mdogo wake wa kike. Wazazi walipofariki binti alikuwa darasa la nne, na Jongoo, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajitafuta, akawa baba na mama. Alimpeleka shule kwa gari lile na kumfundisha kupima oili kwenye injini ile. Siku moja kijiti cha kupimia oili kilimuunguza Jongoo vidole, akapiga kelele iliyowachekesha majirani. Kesho yake binti alikizungushia kile kijiti uzi mwekundu wa sufu pale pa kushikia, akaufunga kwa mafundo madogo madogo yaliyobanana, akasema, "Sasa hutaungua, kaka." Uzi ulikaa pale miaka yote, ukafifia ukawa na rangi ya tope, na Jongoo hakuruhusu mtu auguse.

Binti akakua, akaolewa na fundi wa magari. Mwenye gari kuukuu akipata shemeji fundi, watu humwambia nyota yake imewaka. Jongoo naye aliamini hivyo.

Sasa, kila mwenye gari anaijua sheria ya gereji, ingawa haijaandikwa popote. Injini ikifunguliwa, wewe unakaa kwenye benchi na kutoa macho. Si kwamba mafundi wote ni wezi, ni kwamba vyuma havina midomo. Lakini utamkaliaje benchi mume wa dada yako? Huko ni kumwambia usoni kwamba humwamini. Kwa hiyo gari lilipoanza kufuka moshi mweupe kwenye mlima wa hospitali, Jongoo alimkabidhi shemeji yake ufunguo, akaenda zake nyumbani kulala.

Aliporudi alionyeshwa pistoni iliyotoboka katikati.

"Pole, shemeji," fundi alisema. "Hii imeshakufa. Na injini za saizi hii siku hizi huzipati. Ila ninayo moja kubwa, imetoka kwenye gari iliyogongwa nyuma. Nzima kabisa."

"Kubwa itaingia?"

"Fundi ni mimi au wewe? Itaingia."

"Na ile ya zamani iko wapi?"

"Wamekuja watu wa vyuma chakavu, wameibeba. Usijitie uchungu."

Dada alikuwapo, alikuwa amemletea mumewe chakula cha mchana. Akamshika kaka yake bega. "Kila kitu na siku yake, kaka," alisema. "Hata chuma kinachoka." Jongoo alimshukuru kwa maneno yale. Shukrani hiyo ndiyo iliyokuja kumuuma kuliko yote.

Injini kubwa iliingia, ndiyo. Vishikio vilikatwa vikachomelewa upya, rejeta ikasogezwa, na boneti ikagoma kufunga mpaka ikafungwa kwa kamba ya mpira. Pua ya gari iliinama kwa uzito. Breki zilibaki zilezile za injini ndogo. Kijiweni walicheka wakashika mbavu. "Jongoo kaota mabawa," mmoja alisema. Mwingine akamwambia, "Ukifika kabla ya gari yako, tupigie simu." Jongoo alicheka nao, maana utani wa kijiweni ukiununia ndiyo unaupalilia.

Wazee hawakucheka. Gari ukiligusa linaruka, ukilikanyagia breki linafikiria kwanza. Bibi wa goti alivumilia safari kadhaa, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, wewe ni yuleyule, ila gari yako siku hizi ina haraka ambayo mimi sina." Hakupiga simu tena. Mmoja mmoja wakapungua, na Jongoo akawa anashinda kijiweni akifuta kioo kilichokwisha kuwa safi.

Kitu kingine kilimkosesha raha. Kila akitaka kwenda kumtembelea dada yake, dada alikuwa na sababu. Mara nyumba inapakwa rangi, mara mtoto ana mafua. Jongoo alidhani labda amemkosea bila kujua. Basi asubuhi moja abiria alimfikisha mtaa wa dada yake, akaona aibu kupita bila kubisha hodi. Dada akamkaribisha, akamletea chai, akawa anatazama dirishani kila mara.

Chai ilikuwa haijapoa pale gari lilipoingia uani. Tik-tik, tik-tik.

Mama huijua sauti ya mwanawe katikati ya soko. Jongoo aliweka kikombe chini, akatoka. Uani kilisimama kigari cha kijani cha shemeji yake, ndugu wa gari lake kwa kiwanda na kwa umri, kile ambacho tangu harusi kilikuwa kimekaa juu ya matofali bila injini. Fundi alishuka, na uso ukamshuka pia.

"Karibu, shemeji. Hukutuambia kama unakuja."

Jongoo alifungua boneti mwenyewe. Injini yake ilikuwa imeoshwa mpaka inang'aa.

"Ilikuwa imeungua gasketi tu, ile pistoni haikuwa yako," fundi alianza, "ila nilikuwa na mpango wa kukueleza..."

Jongoo aliinua mkono kumkatiza. Watu hupenda kusema kikulacho ki nguoni mwako, na husema kwa raha kwa sababu wakati huo anayetafunwa ni mwingine. Wizi wa shemeji moyo wake ungeubeba, hata kama ungelalamika. Shemeji ni mtu wa kuja. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kijiti cha oili. Uzi uliofifia ulikuwa umeondolewa. Mahali pake palifungwa uzi mpya, mwekundu wa kuwaka, kwa mafundo yaleyale madogo yaliyobanana.

Aligeuka. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulijua?"

Dada alitazama chini. "Nilijua."

"Mngeniomba, ningewapa."

"Najua, kaka. Ndiyo maana hatukuomba." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Nimekushukuru tangu darasa la nne. Kila nikila nakushukuru, kila nikivaa nakushukuru. Hiki kimoja nilitaka niwe nacho bila kusema ahsante."

Mikono ya Jongoo ikafanya ilichozoea. Alikichomoa kile kijiti, akakifuta kwa kitambaa cha mfukoni, akakirudisha ndani, akakichomoa tena na kukitazama kwenye mwanga. Injini ilikuwa ya moto bado, lakini uzi ulikuwa mpya na mnene, na hakuungua. Akakiweka mahali pake, akafunga boneti taratibu.

"Oili imepungua," alimwambia dada yake. Kisha akaenda kwenye gari lake, akaikaza kamba ya mpira, akaondoka, na uani kwao hakukanyaga tena.