Ugali Nyuma ya Mawe

Mtu wa maziwa kutoka Endebess alipoliona tangi la Haji mara ya kwanza, alicheka hadi akaweka mkebe wake chini.

"Ati samaki wa kuangaliwa tu? Bana, huyu hata ukimkaanga hatoshi paka."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeacha shule nikiwa kidato cha pili, baada ya baba kufa na mama kumfuata, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu. Haji, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitale, alitupa chumba uani kwake, karibu na msikiti. Nilipika, nilifagia, na nilitunza samaki. Chakula kikiungua, mkewe alinung'unika tu. Samaki lilikuwa jambo jingine. Chumba tulichopewa kilikuwa cha msichana aliyenitangulia, na aliondolewa siku ile ile samaki wa tangi walipokufa.

Kwa hiyo tulilianza upya, Haji na mimi. Fundi wa vioo alibandika pembe tena kwa gundi. Mchanga mweupe na mawe vilitoka Mombasa kwa basi, mawe yamefungwa magazeti yaliyoloweshwa ndani ya sanduku la barafu, yakinuka harufu ambayo sikuwahi kuinusa. Maji ya mfereji Haji aliyakataa kwa sababu ya dawa, na ya paa aliyakataa kwa sababu ya mabati. Basi mvua ikianza mimi nilikimbia uani kutandaza nailoni juu ya miti minne, nikakinga maji yaliyotoka mbinguni moja kwa moja. Tulitia chumvi ya bahari iliyouzwa kwa ndoo, tukakoroga, tukapima ukali wake kwa kijisanduku chenye mshale. Kisha tukangoja majuma mengi tukitazama maji matupu. Haji alisema ndani ya mawe kuna wadudu wasioonekana wanaokula uchafu, na lazima waongezeke kwanza. Mawe yakageuka kahawia, yakawa kijani, yakatulia. Ndipo walipokuja samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kamba mmoja wa baharini, mwembamba kama uzi, matumbawe laini, na ua la bahari, yule mnyama mwenye vidole vingi ambamo samaki wale hulala.

Nilijifunza kwamba maji yakipungua kwa kukauka, chumvi haiondoki, kwa hiyo unaongeza maji ya mvua peke yake. Nilijifunza kulisha kidogo kuliko huruma inavyotaka. Na jikoni niliweka pipa la maji ya chumvi yaliyokwisha kukorogwa, limefunikwa, kwa dharura.

Haji na mkewe walikwenda harusini Mombasa, wakaniachia nyumba. Ndipo Senge alipofika. Senge ndivyo tunavyomwita shangazi, dada ya baba, na baba hakuwa na dada mwingine. Alitoka Sirisia na kuku kwapani na uamuzi mdomoni.

"Wazee wamekaa," alisema, hata chai haijapoa. "Huyu mkubwa ataenda kwa baba yenu mdogo, huko Lugulu. Huyu wa katikati nitakaa na yeye. Huyu mdogo tutaona."

"Senge, si wanakula? Si wanasoma?"

"Wanakula sababu ya samaki. Samaki ikikufa je?"

Nilimpa ahadi. Nilimwambia angoje Haji arudi kesho kutwa. Haji akikuta kila kitu salama, atamwambia Senge mwenyewe kwamba tunakaa. Akikuta tangi limekufa, Senge atachukua watoto na mimi sitalia.

"Haya," alisema. "Tutaiangalia hiyo bahari yako."

Siku iliyofuata nilikwenda sokoni. Niliporudi Senge alikuwa amekula, ameosha sahani, amekaa mbele ya tangi. Samaki walikuwa wanazunguka kama kawaida.

Asubuhi ya siku ya Haji kurudi niliingia sebuleni na ufagio, nikasimama. Maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Ua la bahari lilikuwa limenywea, limekuwa kama soksi kuukuu. Samaki wote wawili walikuwa juu kabisa, vinywa nje, wakivuta hewa kwa haraka. Kamba alikuwa amelala ubavu, na hakuamka tena.

Nikanusa. Kitu kilikuwa kinaoza humo ndani, na sikujua ni nini.

Nilizamisha mkono hadi begani, nikaanza kuhamisha mawe moja moja. Nyuma ya jiwe la mwisho vidole vyangu viligusa kitu laini. Nilikitoa. Bonge la ugali, limevimba, limefunikwa utando wa kijivu.

Senge alikuwa mlangoni.

"Hiyo ni yangu," alisema.

Nadhani angekuwa mdogo wangu ningempiga.

"Nilikuwa nakula hapa. Wakakuja kwa kioo, wote wawili, wanafungua mdomo, wananiangalia. Mwanangu, nitakulaje mtu ananiangalia? Nikawakatia."

Kwetu hivyo ndivyo tulivyolelewa. Hata adui akikukuta na sahani, unamkatia tonge. Hasira yangu ilikosa pa kushika, na hata hivyo hapakuwa na wakati wa hasira, kwa sababu mashine ya hewa ilikoroma mara moja ikanyamaza. Stima zilikuwa zimepotea; taa ya jikoni nayo ilikuwa imezimika.

Bila stima hakukuwa na mapovu, wala kile chuma cha kupasha maji joto, na Kitale asubuhi ni baridi. Nilimpa Senge kikombe cha bati.

"Chota, inua juu, mwaga. Usiache."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie, Senge."

Sikuwahi kumwamuru mtu mzima hivyo. Alikunja mikono ya gauni, akaanza.

Haji alikuwa amenionya nisibadilishe maji mengi kwa mara moja, kwani mshtuko nao huua. Lakini kuyaacha yale maji pia kungeua. Nilisimama na ndoo mkononi nikipima vifo viwili, kisha nikaamua nusu. Nilifyonza kwa mpira wa maji, nikatema chumvi, nikayaacha maji yatiririke hadi nusu. Pipa la jikoni lilirudisha kiasi tu. Yaliyobaki ilibidi niyatengeneze: maji ya mvua jikoni juu ya makaa, chumvi ya ndoo, mwiko. Joto niliyapima kwa kiwiko, kama nilivyokuwa nikipima maji ya kumwogesha kitinda mimba wetu. Wadogo zangu walirudi kutoka shule kula mchana, wakaniona, hawakuuliza chakula. Mmoja alishika mwiko, mwingine akapepea makaa, yule mdogo akabeba chupa za maji moto za kuelea ndani ya tangi. Senge alivua leso yake mabegani, akazungushia kioo kisipoe, akaendelea kuchota na kumwaga.

"Hii samaki inanichekelea," alisema, akihema. "Yenyewe inapumzika, mimi nafanya kazi."

Nilitazama. Samaki mmoja alikuwa ameshuka kidogo kutoka juu.

Gari la Haji lilinguruma getini alasiri, stima bado hazijarudi. Nilijifuta mikono kwenye nguo. Haji aliingia na kofia yake mkononi, akaona ndoo, zulia lililolowa, watoto, leso juu ya kioo chake. Akainama. Maji yalikuwa bado yana ukungu.

"Nani amefanya hivi, binti?"

Kabla sijafungua kinywa Senge alisema, "Mimi, Haji. Niliwapa ugali. Huyu amekuwa anawaponya tangu asubuhi."

Haji alisogeza leso, akachungulia. Samaki wawili walikuwa katikati ya maji, ubavu kwa ubavu. Ua la bahari lilikuwa limetoa vidole viwili vitatu, kama mtu anayejaribu baridi.

"Umebadilisha kiasi gani?" aliniuliza.

"Nusu."

Alivuta pumzi, akavua koti, akamnyang'anya Senge kikombe. "Pumzika, mama. Na wewe binti, ongeza makaa."

Hilo ndilo jibu pekee alilotoa, na nilielewa kwamba hanifukuzi.

Senge alikaa mpaka maji yakawa safi tena. Asubuhi aliyoondoka nilikuwa nimewafungia watoto nguo, kwa sababu sikujua bado ameamua nini, na kamba alikuwa amekufa, na ahadi ni ahadi. Alivitazama vile vifurushi vya nguo mlangoni, akavisukuma ndani kwa mguu.

"Nikiwachukua hawa," alisema, "stima ikipotea tena, nani atakoroga hiyo maji?"

Leso yake hakuiomba. Ilibaki kwenye tangi.