Maua Mawili ya Lindi

Juu ya Uyole, ambako viazi vinapakana na pareto, anaishi Faustina, mjane ambaye vidole vyake vimechuma maua meupe ya pareto miaka thelathini. Mwanawe wa pekee, Jailos, alikwenda Lindi kufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, akafia huko, akazikwa huko. Mama alifika mara moja tu. Juu ya mchanga wa kaburi palitambaa mmea wenye maua ya njano, kwa sura kama mdogo wake pareto. Akakata kipande, akakiviringisha kwenye kanga iliyolowa maji, akapanda nacho milimani.

Alikipanda kwenye ndoo ya mchanga wa mto, kibarazani. Kila Novemba, wenzake wa parokia wanapofagia makaburi ya watu wao, Faustina hubaki nyumbani. Kaburi la mwanawe liko mbali. Alichongojea sasa ni mbegu. Mmea wa pwani usingeivuka sakitu ya Juni, baridi ya barafu inayounguza hata majani ya viazi, lakini mbegu zingevuka.

Mei ukatoa maua mawili.

Siku moja alirudi kutoka shambani na jirani yake Andendekisye, wakaketi kibarazani, vikapu miguuni, wakisema habari za mvua.

"Mama Jailos, mkono wako!"

Akatazama. Ndoo ilikuwa na vikonyo viwili vitupu. Vidole vilikuwa vimenyofoa vichwa na kuvitupa kikapuni, kama vilivyozoea.

"Mwenzangu, hata bibi harusi akipita na ua kichwani utamchumia!" Andendekisye akacheka. Kisha akamwona usoni, akatandika mkeka.

Wakamwaga kikapu, wakachambua, wakitafuta mawili ya njano katikati ya meupe yasiyo na idadi. Wakayapata. Faustina akapasua ua moja kwa ukucha.

"Bado bichi," alisema. "Halina kitu."

Juni aliiingiza ndoo jikoni. Baridi haikuufikia mmea, wala jua halikuufikia. Ukapukutika majani, moshi ukamaliza yaliyobaki.

Novemba Andendekisye alipita na ufagio begani.

"Tunakwenda makaburini, mama. Unabaki tena?"

Faustina alikuwa ameinama uani. Mchanga wa ndoo alikuwa ameumwaga chini, akaufanya kituta kidogo, na juu yake akaweka lile ua moja lililobaki, limekauka.

"Tangulieni," alisema, bila kuinua kichwa. "Mimi nafagia hapa."