Eda ya Samaki wa Manjano

Mume wangu hamwamini samaki mgeni. Akinunua samaki wa baharini, hamwingizi moja kwa moja kwenye tangi la sebuleni. Kwanza humtenga wiki kadhaa katika tangi dogo bafuni, ahakikishe hana vimelea vya kuwaambukiza wenzake. Sisi binadamu wa fleti yetu ya mtaa wa Bugolobi tulikuwa tukioga kwa beseni jikoni.

Mwaka huo bafuni alikaa samaki wa manjano, na katika chumba cha nyuma alikaa mama mkwe wangu, Mnubi wa mji wa Bombo aliyefiwa na mumewe. Eda yake ilikuwa imekwisha zamani, lakini hakukanyaga nje. Tulimbembeleza tukachoka. Niliogopa atatufia humo ndani.

Siku moja alichungulia bafuni, akauliza mbona huyu yuko peke yake. Mume wangu akaanza kueleza habari za vimelea. Mama akamkatiza.

"Bwana yake alikufa lini?"

Tangu hapo samaki akawa mjane. Mama aliweka kiti bafuni, akawa anamsimulia habari za Bombo, na wanaume akawapiga marufuku kuingia. Mume wangu, mwenye samaki, alisimama kwenye korido kama mposaji, akinituma mimi nikapime chumvi ya maji. Alipolalamika, mama alimjibu kwa upole.

"Siku samaki hii itatoka, mimi pia natoka."

Basi tukashika adabu. Wavu wa bafuni haukugusa tangi la sebuleni. Nilinawa mikono kama daktari wa upasuaji. Hata hivyo, asubuhi moja nikaona vidoa vyeupe kwenye pezi la samaki, vidogo kama punje za chumvi. Nilitaka kunyamaza, lakini mama alikwisha kuvaa miwani. Dawa ikatiwa, siku zikaanza kuhesabiwa upya, naye mama akarudi chumbani akafunga mlango. Nilimlilia samaki, mimi ninayekula ngege wa ziwani kila Jumamosi.

Vidoa vikaisha, na havikurudi. Hatimaye tulimhamishia sebuleni. Alijificha nyuma ya jiwe, halafu akatoka akala pamoja na wenzake.

Mama alimtazama mpaka akashiba. Akaingia chumbani, akatoka amejifunga gurbaba, vazi la kina mama wa kwao, la rangi ya machungwa. Akaulizia viatu. Tulivikuta chini ya mifuko ya chumvi. Mwanawe akataka kumsindikiza.

"Wacha. Samaki imeenda peke yake."

Tulisimama barazani tukimwangalia anavuka barabara kuelekea sokoni. Mume wangu alikuwa analia waziwazi, wavu bado mkononi, maji ya chumvi yakinidondokea miguuni.