Jembe mu matembezi ya siku ya Mungu

Siku ya Mungu, jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane. Asubui ukungu ulifunika mutaa wetu wote wa Mususa, kiisha jua kidogo likatoka, na ku mangaribi mvua nyepesi, ile ya kutujulisha kama masika inakaribia.

Nitaandika hii siku vile ilienda, hata kama sijui kama ninaandika muzuri. Nilifika tu mwaka wa sita wa primaire, na bwana yangu anasemaka kama ninatia maneno mingi fasi moja ingetosha. Pengine iko na haki. Lakini nikiacha leo, kesho nitaanza kujidanganya na kusema yalikuwa matembezi ya muzuri.

Mutoto wetu mukubwa, musichana wa miaka kumi na mbili, alikomalia Beni kwa dada yangu. Dada hakupata mutoto, na bwana yake alikufa mapema. Akatuomba mumoja, tukamupa huyu, alikuwa bado hajaanza masomo. Kwetu ni kitu cha kawaida. Dada alimulea muzuri: anasoma kunishinda, anajua kupika, anasalimia batu na heshima. Ila barabara ya Beni kila mutu hapa anajua vile iko, batu banauawa mule, na bwana yangu alisema masomo ikianza, mutoto abakie na sisi. Dada alijibu ku telefone bila kukasirika: "Mumuulize yeye mwenyewe. Mimi siwezi kumufukuza, na siwezi kumufunga."

Basi mutoto akakuja kwetu likizo, na likizo yote nilikuwa ninangoja saa ya muzuri ya kumuuliza. Ukweli, niliogopa.

Siku moja tulikuwa tunachagua maharagi, mukubwa akaniambia:

"Mama, ninyi hapa hamutembeake?"

"Kutembea wapi?"

"Bule tu. Kule Beni, kiisha misa, mama wa Beni ananichukuaka, tunatembea, tunazungumza, tunarudia."

Yale maneno yalibakia mu kichwa. Sisi tunakula pamoja, tunasali pamoja, tunafanya kazi pamoja. Bwana yangu ni menuisier, fundi wa mbao, mimi ninauzisha unga ya mihogo. Kutembea bule hatujui. Nikapanga: siku ya Mungu, kiisha misa ya kwanza, sisi batano tupande upande wa Musienene, ku kilima, tukae mu majani, tukunywe chai, na kule nitamuuliza. Nilijiambia, mutoto akiwa na upepo mu uso na baba yake pembeni, pengine ataona kama hapa pia ni kwao.

Nilitengeneza beignets, maandazi yetu, usiku, nikajaza chai mu termosi. Badogo babili balivaa nguo za misa. Mukubwa alivaa viatu vyake vyeupe, vile dada alimununulia. Mimi nikavaa kikwembe kipya. Tukatoka.

Hatukupita hata manyumba tatu. Mama mwenye anauzishaka makala ya kupikia ku kona akasimama, akatia mukono ku kifua.

"Mama, pole sana. Ni nani?"

"Nani nini?"

"Mwenye alikufa. Ni ku upande yako ao ku upande ya bwana?"

"Hakuna mutu alikufa, mama. Tunaenda kutembea."

"Ninyi bote? Na bikwembe hivi?" Akaangalia bwana yangu. "Baba, usifiche. Tutakuja ku kilio."

Nisimulaumu. Mimi mwenyewe nikiona jamaa nzima inatoka pamoja, bamevaa, bila mizigo, nitauliza vilevile. Lakini kiisha yeye akakuja mwengine, na mwengine, na mumoja akaanza kufungua mukoba atupatie kitu ya kilio. Bwana yangu akakasirika, akarudi ku nyumba. Nilifikiri amekataa kwenda. Akatoka na jembe ku bega.

"Hilo ni la nini?" nikamuuliza.

"Sasa habataniuliza tena."

Na kweli, habakuuliza. Yule wa mbele alimuambia tu: "Kazi ya muzuri, baba!" Bwana yangu akanigeukia na kucheka kidogo, sawa mutu mwenye amegundua dawa. Nilikasirika, lakini niseme haki: bila lile jembe hatungefika ku barabara.

Tulipanda moto mbili, pikipiki za kukodi, yeye na badogo, mimi na mukubwa. Jembe lilisimama mu katikati yao, na kila mara moto ilipata shimo nilifunga macho. Kule Musienene tukashuka, tukapanda kilima na miguu. Kule juu kulikuwa kuzuri, siwezi kukana. Mashamba ya biazi ya kizungu upande huu, maharagi upande ule, na moshi ya manyumba inapanda polepole. Nikatandika kikwembe cha zamani mu majani. Nikamimina chai. Mudogo mumoja akauliza:

"Sasa tunafanya nini?"

"Tunakaa," nikasema.

"Kiisha?"

"Kiisha tunazungumza."

Akaangalia baba yake kama kuomba aokolewe. Mukubwa akacheka na kumuambia: "Utazoea." Alikuwa amekunja magoti, anatafuna beignet, uso wake umefunguka. Bwana yangu akanifanyia alama na macho: uliza sasa. Nikasafisha koo. Nikasema: "Mwanangu..."

Njo nikasikia sauti inapanda kutoka chini.

"Batoto yangu! Ni nani alibafukuza?"

Ilikuwa mama wa bwana yangu. Nyumba yake iko nyuma ya kile kilima, na nilikuwa nimepanga tupite kumusalimia ku mwisho, wakati wa kurudia. Mutu mumoja alipita chini, akatuona tumekaa mu majani na batoto na vyombo, akaenda kumuambia kama mutoto wake amekimbia na jamaa na anaogopa kufika nyumbani. Mama muzee akapanda kilima chote na fimbo, mupaka pumzi ikamuisha.

"Hakuna, mama," bwana yangu akasema. "Tunapumzika tu."

"Mu majani? Kama bakimbizi? Na nyumba yangu iko pale?" Akanigeukia mimi. "Na wewe, mwali, unaacha batoto bakae mu baridi hivi?"

Yeye akaona jembe. Uso wake ukabadirika kabisa.

"Ah! Kumbe mulikuja kunisaidia. Na mimi ninasema mutoto wangu amenisahau. Biazi itaoza mu udongo, mugongo yangu inakataa. Mungu anasikia."

Bwana yangu akaniangalia. Mimi nikamuangalia. Angesema nini? Kama hatukuja kwa ajili ya biazi, tulipita karibu na mama yake na jembe ku bega kwenda wapi?

Nikakunja kikwembe. Chai ilikuwa bado inatoa moshi mu vikombe.

Tulichimba mupaka jua likaegama. Siku ya Mungu, na nguo za misa. Mama muzee alichimba pia, hakukaa kutuangalia, hilo nitalisema. Mukubwa hakulalamika. Alivua viatu vyake vyeupe, akavipanguza, akavitia mu kitunga changu bila mutu kumutuma. Kiisha akaingia mu mustari pamoja na baba yake.

Bwana yangu anajua mbao. Jembe hajui tena. Kila alipopiga, alikata biazi mu katikati.

"Papa, unaziua zote!" mukubwa akapiga kelele.

"Zinanifuata zenyewe."

"Piga mbali na shina. Mbali! Angalia." Akamunyanganya jembe, akamuonyesha. "Unafikiri ni musumari?"

"Basi, patron," bwana yangu akasema. "Uniandike kazi, ao unifukuze."

"Nitakukata ku mushahara."

"Ulisha kunilipa lini?"

Mama muzee alicheka mupaka akakaa chini. Mimi nilikuwa ku mwisho wa shamba, ninajaza gunia na badogo, ninabasikia bale babili banacheka. Sijui kama hii ni aibu kuandika: niliona wivu. Mimi njo nilipanga ile siku. Mimi njo niliamuka usiku kutengeneza beignets. Na mutoto anazungumza na baba yake, ku shamba ambayo sikuichagua, juu ya jembe ambalo sikulitaka. Lakini pia sikuweza kusema habatembei pamoja. Balikuwa banaenda mbele mustari kwa mustari, polepole, na banazungumza.

Nilijaribu. Ku mwisho tulibeba gunia, mimi mbele na yeye nyuma, na nikaona hakuna saa nyingine. Nikauliza bila kugeuka:

"Mwanangu, masomo inaanza. Utabakia na sisi?"

Nilisikia tu miguu yake mu udongo. Kiisha akasema: "Mama, tutue kidogo, inanikata vidole." Tukatua. Mvua ikaanza. Mama muzee akaita tuingie haraka, badogo bakakimbia, na maneno ikaishia pale.

Mama muzee alitupatia gunia nusu ya kubeba. Ku moto bwana yangu alikuwa na furaha. Ku mulango wa nyumba akaniambia na sauti ya chini: "Ilikuwa muzuri, ao?" Nilimujibu vibaya. Nilimuambia hata kutembea anageuza kuwa kazi. Akaenda kusafisha lile jembe. Ninafikiri sasa kama sikumutendea haki. Yeye alipata alichokuja kutafuta, hata kama hakujua anakitafuta. Mimi nilijua na sikupata.

Wakati niliingia ku jikoni, mukubwa alikuwa amemwaga biazi chini, anazichagua. Zile kubwa, zenye hazina kidonda, alikuwa anazitia mu mufuko mumoja. Zenye jembe lilikata alikuwa anaziacha mu beseni.

"Zenye zimekatwa hazilale, zitaoza," akasema. "Tupike hizi leo. Hizi zingine nitabebea mama wa Beni."

Nilikaa ku kiti kidogo. "Donc unarudia."

"Ndiyo, mama." Hakuinua macho. "Kule iko peke yake. Ninyi hapa muko bengi."

Nilitafuta fasi ya kubisha. Nilitafuta barabara, nilitafuta masomo, nilitafuta kama mimi njo nilimuzaa. Yote ilikuwa kweli, na hakuna hata moja ilijibu yale aliyosema. Baba yake alikuwa amesimama ku mulango na jembe lenye maji mu mukono. Alisikia yote. Akasema tu: "Mufuko ni mudogo, nitamutafutia mwengine," na akaenda kweli.

Nikachukua kisu, nikakaa pembeni ya mukubwa, tukamenya pamoja zile zenye zilikatwa. Mudogo mumoja akauliza kama siku ya Mungu ingine tutaenda tena kukaa.

Tulikula biazi na maharagi, na chumvi kidogo, sababu mafuta ilikuwa imeisha. Beignets zilibakia tatu. Batoto balizigawanya.