Mwaka Kwenye Sarafu

Mtaani walimwita Usipepese, kwa kuwa ndilo neno alilowaambia wateja wake wote kabla ya kuwapiga picha, wawe maharusi au vichanga. Zama hizo mtu alioga, akachana nywele, akakaa kitako kwenye kigoda mbele ya pazia, kisha akaisubiri picha yake kwa hamu. Leo kila mwenye simu ni mpiga picha, na studio yake imegeuka duka la makava ya simu. Vyombo vyake aliviuza kimoja kimoja, akabaki na kigoda na kikamera kidogo cha kubofya tu, ambacho zamani angekiona mchezo wa watoto.

Asubuhi hiyo alikikalisha kikamera juu ya vitabu, karibu na dirisha la chumbani. Dada yake, mjane, alikuwa amemletea sarafu za kale za marehemu mumewe. Kuna mnunuzi wa mbali aliyezitaka, ila alidai picha ambayo mwaka unasomeka. Usipepese alitandika kitambaa cheusi, akasimamisha karatasi nyeupe upande wa pili irudishe mwanga, akazima flashi isije ikaleta mng'ao. Akapiga. Kwenye kioo cha nyuma, sarafu ilitoka imejaa ukungu.

Akafuta lenzi kwa ncha ya shati, akapiga tena. Ukungu uleule.

Baba yake, fundi cherehani, alianza hivihivi: akawa anawaita watoto wamtungie uzi, akisingizia kwamba sindano za siku hizi zina matundu madogo. Mwisho akawa anaongozwa chooni kwa kushikwa mkono.

"Ni kamera," akajisemea. Na kweli, alikuwa ameisogeza mno. Kamera ndogo kama ile haioni kitu kilicho puani pake. Akashusha pumzi. Akairudisha nyuma, akabofya alama ya ua, ile ya vitu vya karibu, akaiacha ijipige yenyewe ili mkono usiitikise. Kisha akainama kutazama.

Ukungu.

Halafu akaita, kwa sauti ya mtu asiye na neno: "Mama watoto, hebu njoo unisomee mwaka hapa. Miwani sijui nimeiweka wapi."

Mkewe aliingia akijifuta mikono, akainamia kamera. "Ehe, hii ndiyo picha." Akausoma mwaka bila kusita. "Hata huu mkwaruzo unaonekana. Kumbe bado umo, bwana." Akageuka amtanie zaidi, kicheko kikamkatikia njiani. "Miwani si hiyo umeivaa?"

Akajishika usoni. Kweli, ilikuwapo.

"Nimesahau tu. Uzee huo."

"Mtu husahau alikoweka miwani. Hasahau kwamba anaona kupitia miwani."

"Sasa tugombane kwa ajili ya miwani?"

Mkewe hakugombana. Akavuta kigoda, kilekile cha wateja, akakaa mbele yake.

"Nitazame."

"Nakutazama."

"Leo nimevaa hereni gani?"

Nusura acheke. Hereni anazijua, zimo katika kila picha aliyompiga tangu uchumba. "Hizo zako za vito vyekundu," akasema.

Mkewe akauchukua mkono wake, taratibu, akaupeleka hadi sikioni. Vidole vikapapasa ndewe, vikakuta tundu tupu.

"Usimwambie dada," Usipepese akasema. Wala hakuliachia lile sikio.