Kijana wa Kaptura ya Kijani na Sinendet ya Mke Wangu

Ashukuriwe Mungu aliyenifikisha asubuhi ya leo nikiwa na pumzi, na kwa magoti ambayo bado yanakubali kupigwa sakafuni, ingawa kuinuka ni kazi nyingine. Amenipa nyumba isiyovuja, mashina ya chai yanayotosha kutuamsha mapema, na mke mmoja ambaye kwa miaka arobaini na miwili sijaomba wa kumbadilisha. Namtaja mapema kwa sababu ninayotaka kusimulia ni habari ya wivu, na sipendi msomaji awaze mambo makubwa. Mwanamume niliyemwonea wivu hajawahi kukanyaga ua wetu. Alikuwa ndani ya televisheni.

Mimi si mzaliwa wa huku. Nilikuja Kericho kutoka pande za ziwa nikiwa kijana, nikaajiriwa katika kiwanda cha chai, nikapewa boila. Kazi yangu ilikuwa kulisha moto kuni ili majani yakauke. Mke wangu ni Mkipsigis wa upande wa Merigi, na tulipokutana alikuwa akichuma chai katika shamba lililokuwa likileta majani kwetu. Nilipostaafu, wakubwa walinipa blanketi na saa ya ukutani. Saa hiyo tuliitundika juu ya televisheni, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, maana kila Jumamosi saa tisa mke wangu aliitazama saa yangu kwa sababu moja tu: kujua kama mieleka imefika.

Zamani hakuipenda. Mimi ndiye niliyekuwa nikitazama, naye akinipa mgongo akichambua mboga na kusema, "Watu wazima kuvua nguo na kubingirishana." Kisha kikaja kipindi cha wanamieleka wa hapa kwetu Kenya, na kati yao alikuwamo kijana mmoja wa kaptura ya kijani. Mtangazaji akasema kijana huyo amelelewa Bomet na mama yake ni mchuma chai. Mboga ziliachwa hapo hapo.

Tangu siku hiyo nilimwona mke wangu akifanya mambo ambayo sikuwa nimeyaona tangu nimwoe. Kijana akiangushwa, yeye alishika kiuno chake mwenyewe. Akinyongwa shingo, yeye ndiye aliyekosa pumzi. Refa akigeuka upande wakati adui anamwaga unga machoni, mke wangu alisimama, akapiga paja, akapaza sauti mpaka kuku wakatoka chini ya ghala: "Wewe refa! Umelipwa? Geuka! Inuka, weri, inuka! Mama yako anakuona!" Weri, kwa lugha yao, ni kijana. Na kijana akiinuka, wallahi haikuwa sauti ya mtu mzima, ilikuwa ukelele wa msichana, mrefu, unaoishia kwa kicheko. Ulikuwa mzuri ajabu. Nami nilikaa kwenye kiti changu nikiusikiliza, nikijua haukuwa wangu.

Nilikumbuka siku mlango wa boila uliponiunguza mkono kutoka kiwiko hadi kidole. Nilifika nyumbani na bendeji kama mtoto aliyefungwa nepi. Mke wangu alitazama, akasema, "Pole. Umekula?" Basi. Hakushika mkono wake mwenyewe.

Nikaanza kumchokoza. "Mama, hao wanapangiana. Kila mtu anajua nani ataanguka kabla hajaanguka."

Hakuondoa macho kwenye kioo. "Hata wimbo wa kanisa unajua utaishia wapi, na bado wewe hulia ubeti wa tatu."

Mimi ni mzee wa kanisa, nimewafundisha wengi wanaojiandaa kwa ubatizo, na somo la wivu nalifundisha kwa ufasaha sana. Huwaambia kwamba wivu huanza kula nyumba ya mwenyewe, kama mchwa. Huyo mchwa nilikuwa nikimsikia ndani ya mbao zangu kila Jumamosi saa tisa.

Kisha wakatangaza kwamba wanamieleka watakuja Kericho wenyewe, mchana wa Jumamosi, katika uwanja wa mjini, na kwamba kijana wa kaptura ya kijani atapambana na adui yake mkubwa, jitu la kinyago cheusi. Asubuhi ya siku hiyo mke wangu alichukua panga, akateremka mtoni, akarudi na sinendet.

Lazima nieleze. Sinendet ni mmea unaotambaa, wa kijani kibichi, na Wakipsigis humvisha shingoni mtu wao aliyetoka mbali akarudi na heshima. Mwanariadha akitua kutoka ng'ambo, akina mama humvisha hiyo na kumnywesha mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu. Nimeona wakivishwa wakimbiaji, wabunge, hata mwalimu mmoja aliyehitimu akiwa na mvi. Mimi sijawahi kuvishwa. Siku nilipostaafu nilitembea kutoka kiwandani hadi nyumbani na saa yangu kwapani, na njia nzima, nitasema ukweli mbele za Mungu, nilikuwa nikitazama langoni kuona kama kuna mtu amesimama na kitu cha kijani. Palikuwa na ndama.

"Hiyo ni ya nani?" nilimwuliza, kana kwamba sijui.

"Ya mtoto wa Bomet. Asifike nyumbani shingo tupu."

Tulipata viti vya mstari wa tatu. Nusu ya kwaya yetu ilikuwepo, nikashangaa. Kijana alipoingia na kaptura yake, mke wangu alipaza ule ukelele, na uwanja mzima ukaupokea. Kwa karibu alikuwa mdogo kuliko kwenye televisheni, na goti moja limefungwa. Jitu la kinyago nalo lilikuwa jitu kweli. Lilipanda ulingoni likapiga kifua na kutuambia kwamba chai yetu ni maji ya kuoshea miguu. Watu wakazomea. Mama mmoja wa kwaya akavua kiatu.

Walipambana. Kijana akaliangusha jitu mara mbili, na mara mbili mke wangu aliushika mkono wangu bila kujua ni mkono wa nani. Kisha jitu likamkamata mguu wenye goti bovu, likaukunja nyuma, likaukalia. Uwanja ukanyamaza. Kijana alikuwa akiburura viganja kutafuta kamba, na mke wangu, hatua chache nyuma yake, alikuwa na machozi. Machozi ya kweli, kwa mguu wa mtoto wa mtu mwingine. Naye hakulia kwa ajili ya mkono wangu.

Sijui nani alinifungua mdomo. Nilisikia sauti ya mzee ikisema, katikati ya ukimya ule, "Uvunje!"

Ilikuwa sauti yangu.

Vichwa viligeuka. Mama wa kwaya, kiatu mkononi, akasema, "Mzee wa kanisa!" Na jitu, Mungu anirehemu, liliacha mguu, likaja kwenye kamba, likanyoosha kidole. "Mmemsikia huyo mzee? Huyo ndiye rafiki yangu wa pekee Kericho! Babu, ukinywa chai leo, kunywa kwa jina langu!"

Walicheka, wakazomea, wakanizomea mimi. Mtu nyuma yangu akasema, "Babu, umelipwa na kinyago?" Mke wangu hakugeuka. Aliushikilia ule mmea wake magotini, akanyoosha majani moja moja.

Refa alikuwa bado akituliza watu jitu lilipochukua kiti cha plastiki na kumpiga kijana mgongoni. Likamlalia, refa akarudi akahesabu: moja, mbili, tatu, kengele. Limeshinda. Likaondoka na mkanda wake wa ubingwa likinipungia mkono.

Nilidhani sinendet sasa imekosa mwenyewe. Nilifurahi, na sitaficha kwamba nilifurahi. Lakini mke wangu aliinuka, akapita kati ya viti, akamwambia mlinzi maneno ambayo sikuyasikia, na mlinzi akampisha. Kijana alikuwa amekaa ukingoni mwa ulingo, akipumua kwa mdomo. Alipoona mama amesimama mbele yake na sinendet, aliteremka, akainamisha kichwa kama vijana wa kwao wanavyofanya mbele ya wazee. Mke wangu akamvisha. Akaweka kiganja utosini pake, akakiacha hapo muda mrefu. Uwanja uliwapigia makofi kuliko ulivyompigia mshindi.

Mimi nilikaa. Sikupiga.

Tuliposhuka kwenye barabara ya kwetu mvua ya alasiri ilikuwa imeshapita, na michai iling'aa pande zote mbili. Tulitembea, yeye mbele. Nikaona nikifika nyumbani kabla ya kusema sitasema tena.

"Kijana alishindwa, na ukamvisha."

"Sinendet si ya kushinda. Ni ya kurudi."

"Hata mimi nilirudi," nikasema. "Miaka thelathini, kutoka kwa boila, kila siku nilirudi. Hukuwahi kunivisha hata jani moja. Hukuwahi kupiga kelele."

Alisimama. Akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nilipopaza sauti. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Baba Watoto," alisema, "nami nani alinivisha? Nilibeba kikapu mgongoni na mtoto tumboni. Nilichuma mpaka mchana, jioni nikajifungua. Nilipotoka hospitali ulisema nini?"

Nilijaribu kukumbuka.

"Ulisema, 'Pole. Umekula?'"

Akaendelea kutembea. Nilibaki barabarani kidogo, kama mtu aliyepigwa kiti cha plastiki refa akiwa amegeuka.

Jumapili niliombwa kufunga ibada kwa maombi. Nilisimama, nikasema maneno matatu, nikaketi. Watu walidhani ni aibu ya uwanjani. Haikuwa hiyo. Nilikuwa nimetambua kwamba nimemsubiri mtu langoni miaka yote, na hata siku moja sikuwahi kusimama langoni mimi.

Jumatatu, yeye akiwa shambani, nilichukua panga lile lile nikateremka mtoni. Ningeweza kumwuliza jirani sinendet ni ipi hasa. Sikuuliza. Mtu aliyekaa nchi ya watu zaidi ya nusu ya maisha yake huona haya kuuliza kitu ambacho mtoto wa chekechea anakijua. Nilikuta mmea unatambaa, wa kijani kibichi, imara, unapendeza. Nikakata mrefu. Nikaukunja mara mbili, nikausuka ncha kwa ncha, nikaona ni kazi nzuri.

Nilisimama mwisho wa mstari wa chai. Alikuja na kikapu kimejaa, pamoja na majirani wawili waliokuwa wakimsaidia kuchuma siku hiyo. Nilivua kofia. Nilikuwa nimetayarisha maneno, yakapotea. Nikasema tu, "Mama, karibu nyumbani," nikamvisha.

Jirani mmoja aliziba mdomo kwa leso. Mke wangu aliinua ncha ya ule mmea, akaunusa, akaupindapinda kati ya vidole. Akaniangalia.

"Baba Watoto. Hii ni ya kufungia kuni."

"Si sinendet?"

"Hii tunafungia kuni! Umenifunga kama mzigo! Miaka thelathini na boila, umestaafu, na bado unabeba kuni!"

Na ndipo ulipotoka. Ukelele ule ule, mrefu, wa msichana, ulioishia kwa kicheko, mpaka ikambidi atue kikapu chini na kushika kiuno. Majirani wakaudaka nao wakacheka. Nami nilisimama pale na kofia mkononi, nikiwa mtu mjinga kuliko wote katika wilaya ile, na sijui kama siku ya harusi yangu nilifurahi hivyo.

Nilinyoosha mkono kumvua ule mmea. Akanipiga kikofi mkononi. "Acha. Umenivisha, umenivisha."

Alikwenda na mmea ule shingoni hadi kituo cha majani. Karani wa mizani alimwuliza, "Mama, leo unauza chai au kuni?" Akamjibu, "Pima majani yako, kijana. Mimi nimerudi nyumbani." Karani hakuelewa. Mimi nilielewa.

Mmea ule umekauka sasa, umekuwa kamba kweli. Ameutundika juu ya saa yangu ya ukutani. Jumamosi saa tisa bado yeye husimama na kumpigia kelele kijana wa kaptura ya kijani, goti lake limepona, na mchwa wangu bado huuma kidogo. Sitasema amekufa. Lakini siku hizi nami husimama. Kijana akikaliwa mguu, tunashika viuno wote wawili, na majuzi niliungua kidole na sufuria, naye akasema, "Pole," kisha, kabla hajauliza kama nimekula, akakipuliza.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akujalie mtu wa kukupokea langoni. Na kama langoni hakuna mtu, akupe nguvu za kusimama hapo mwenyewe umngojee mwenzako, hata kama ulichoshika mkononi ni kamba ya kuni. Amina.