Tangazo kwa Abiria Mmoja

Mwaka ule wa mafua ya nguruwe, watu wa Adelphi, kitongoji cha Washington, tulitazamana kwa jicho la pembeni. Mtu akipiga chafya kwenye basi, waliokaa karibu naye walikumbuka ghafla kwamba kituo chao ni hicho hicho. Msikitini watu walisalimiana kwa kugusana viwiko, kama wanaosukumana kwenye foleni. Duka la dawa liliishiwa jeli ya kunawia mikono, na jirani yangu wa chini, Mkenya anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alinihakikishia kuwa aliyezibeba zote ni mtu wa jengo letu. Alikuwa bado anachunguza ni nani.

Mimi nilikuwa na mshukiwa wangu mwenyewe, na alikuwa sebuleni, anakunywa chai yangu.

Baba alikuja kunitembelea kutoka Tabora. Alikuwa na miaka sabini na ushee, mstaafu wa reli, stesheni masta ambaye hata kustaafu hakukumtoa stesheni: chakula kikichelewa mezani, aliuliza kimekwama wapi. Mama alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Tiketi nilimkatia mimi, na aliponiomba wakati wa kurudi apitie Hamburg akae siku tano, amwone jamaa yake wa zamani wa reli, nilifurahi sana. Niliwaona kichwani wazee wawili wenye makoti wakiyasema vibaya mabehewa ya Wajerumani. Viza ya huko alikwisha kuipata Dar es Salaam hata kabla sijaulizwa. Hilo nalo wakati ule sikulitilia maanani, na mimi ni mtu niliyesomeshwa chuo kikuu.

Shuku ilianzia kwenye kadi ya simu. Siku zile tulipigia nyumbani kwa kadi za kukwangua zinazouzwa madukani Langley Park, na baba alikwenda kujinunulia yake mwenyewe. Niliikuta juu ya meza.

"Baba, hii haipigi Tabora."

"Haipigi?"

"Ni ya Ulaya tu. Imeandikwa hapa."

"Wauza duka hawa," alisema, akaitia mfukoni. Kesho yake niliiona tena. Ilikuwa imekwanguliwa, na baba alikuwa ameanza mazoea ya kwenda kunyoosha miguu kule maegesho ya magari, simu sikioni.

Kisha nikampeleka Manassas kutazama treni. Alisimama jukwaani, mikono nyuma, akalikagua kila behewa lililopita kama aliyetumwa na serikali. Tulipokuwa tunarudi, bila kunitazama, aliniuliza, "Mama, huku Amerika kanta inapatikana?"

Mimi ni binti yake; ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Na kanta, kwa asiyekuwa na mvi, ni rangi nyeusi ya nywele. Mvi za baba alikuwa nazo kabla sijamaliza darasa la saba, na hazikuwahi kumnyima usingizi.

Jioni nikateremka kwa jirani kutafuta ushauri. Lilikuwa kosa. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Kanta? Dada, hapo hakuna jamaa wa reli. Mzee ako na mtu."

"Usinitanie."

"Na si ata mpango wa kando, juu mama alishatutoka. Huo ni mpango kamili! Wacha mzee aenjoy bana."

"Ana presha. Na kuna ugonjwa."

"Ugonjwa ni wako. Unamchunga kama kuku wa Krismasi."

Nilipanda ngazi nimekasirika. Sikuwa na hoja, lakini ugonjwa nilikuwa nao, na ugonjwa ni kitu kinachoweza kuandikiwa makala. Wakati ule nilikuwa nikiandika kwenye jarida dogo la Waswahili wa Washington na vitongoji vyake, karatasi chache zinazogawiwa msikitini, kanisani na kwenye duka la unga wa ugali. Nikakaa nikaandika ushauri kwa wazee wanaosafiri kwenda miji ya Ulaya wakati huu wa mafua.

Sehemu kubwa niliiandika kwa moyo safi. Mzee abebe vidonge vyake vya presha kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku, na vizidi siku za safari, kwa sababu wakati wa ugonjwa safari hurefuka. Awe na karatasi ya daktari yenye jina la dawa yenyewe, maana jina la kwenye boksi hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine. Akate bima, na aulize kabla ya kulipa kama bima hiyo inamlipia mtu aliyewekwa karantini. Tramu apande saa ambazo watu wako kazini, na mkono ulioshika bomba usipande puani kabla ya kunawa. Makumbusho hayakimbii, ila bustani na kingo za mito zina hewa zaidi na kiingilio hazina. Akihisi homa asijikaze kiume. Apige simu hospitali kabla ya kwenda, asije akaambukiza foleni nzima. Haya yote nayasimamia mpaka leo.

Aya ya mwisho ndiyo iliyonishinda. Humo nilimwonya mzee msafiri asikubali kualikwa chakula nyumbani kwa watu, hasa watu aliopotezana nao miaka mingi. Asikae kochi moja na mwenyeji wake. Asikumbatie. Asishikane mikono na mtu, na ikibidi sana, iwe kwa ufupi na mbele ya watu wengine. Ni kirusi gani kinachoogopa mashahidi, hilo sikulieleza.

Baba alilisoma jarida mezani, miwani kwenye ncha ya pua. Alilisoma mara mbili. Kisha akalikunja, akaliweka chini ya kikombe.

"Mama," alisema, "mimi nimeandika matangazo ya stesheni miaka yangu yote ya kazi. Tangazo la abiria wote nalijua, na tangazo la abiria mmoja nalijua."

"Hilo ni la jumuiya nzima, baba."

"Mzee gani mwingine wa hapa anakwenda Ulaya mwezi huu?"

"Wapo."

"Mtaje."

Nikanyanyuka kwenda kuongeza chai ambayo haikuhitaji kuongezwa.

"Na mafua yenyewe ya nguruwe," aliendelea nyuma yangu, "mnyama huyo sijamla tangu nizaliwe. Sasa haya uliyoandika yanazuia mafua, au yananizuia mimi?"

Nikageuka. "Ni mwanamke?"

"Ni mama mtu mzima. Alikuwa mkata tiketi wangu pale Tabora."

"Kabla ya mama?"

"Wakati wa mama. Mama yako akimjua, na vitumbua vyake ukivila wewe mwenyewe. Mumewe alikuwa fundi wa karakana, rafiki yangu. Nilimzika kwa mikono yangu."

Nilijaribu kukumbuka vitumbua. Nilivikumbuka, na vilikuwa vizuri, na hilo lilinitia shuku zaidi. Mtu wa makamo anapoanza kuchunguza vitumbua alivyokula utotoni, ajue amefika mbali.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa tumebaki yeye na mimi. Anaishi kwa binti yake. Magoti yamekwisha na ana pumu, daktari amemkataza ndege. Nyumbani harudi tena. Viza yangu ni ya kuingia mara moja." Akavua miwani. "Nisipomwona safari hii, ndiyo basi."

Nami nilikuwa na langu ambalo sikumwambia: asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kupiga simu kwa shirika la ndege. Kwa sababu ya mafua, walikuwa wanabadilisha safari bila kutoza. Wangeweza kumrusha moja kwa moja hadi nyumbani, Hamburg ifutwe, ilimradi nithibitishe kabla ya Jumamosi mchana. Nilijiambia kuwa ni kwa ajili ya mapafu yake.

Jumamosi asubuhi nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu na pilipili, madirisha yamefungwa kwa baridi, simu kando ya jiko tayari kwa shirika la ndege. Ikalia kabla sijaigusa. Sauti ya mwanamke wa umri wangu, Kiswahili cha Bara, safi, cha mtu aliyejiandaa.

"Dada, hunijui. Mimi ni binti wa yule mama wa Hamburg. Namba yako ameiandika baba yako kwenye maombi ya viza, na nakala alimtumia mama."

"Ndiyo, dada."

"Samahani kwa kuuliza. Baba yako mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi."

"Nasema mzima kabisa? Maana huko kwenu ndiko kwenye ugonjwa. Huku televisheni kila siku ni Mexico na Amerika, Mexico na Amerika. Na mama yangu kifua chake si kizuri."

Kijiko kilinisimama mkononi. Siku zote nilizokuwa naandika jinsi ya kumkinga baba na Ulaya, haikunipitia akilini kwamba Ulaya ilikuwa inajikinga na baba.

"Na nisikufiche," aliendelea, "mama amenunua kitambaa, ameshona gauni. Miaka yote niliyokaa naye hajashona gauni. Sasa mimi najiuliza, huyu mzee anataka nini? Isije ikawa anatafuta makaratasi ya kukaa huku."

"Baba yangu?" Sauti ilinipanda. "Baba yangu ana nyumba yake Tabora, na kuku wake, na pensheni yake! Hapa kwangu tu anahesabu siku za kuondoka."

"Sijasema vibaya, dada."

"Wala mimi sijasema vibaya. Lakini na mimi naweza kuuliza mama yako anataka nini."

Nadhani sote wawili tuliona tulipofika. Wakati huo huo baba akaingia jikoni kutafuta sukari, moshi wa pilipili ukamkaba, akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha adabu. Alikohoa kama injini ya makaa inayopanda mlima.

"Huyo anayekohoa ni nani?" sauti ikauliza.

Nilimtazama baba. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, machozi yanamtoka, na kutoka sebuleni alikwisha kunisikia nikisema "mama yako". Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesimama mbele ya dirisha la tiketi lililofungwa.

"Ni mimi," nilisema, na ili nisiuache uongo nusu, nikakohoa. Moshi ulinisaidia. "Nakaanga pilipili. Ni moshi tu."

"Basi dada, hata kama ni moshi, tafadhali usimsogelee baba yako mpaka aondoke."

Tulikubaliana kama mawakili. Siku mbili za kwanza baba akae hoteli, peke yake, ajipime homa asubuhi na jioni. Ikiwa hana kitu, watakutana nje, kwenye bustani karibu na mto, si ndani. Barakoa kwa wote wawili. Wakae kila mmoja mwisho wake wa benchi, na binti atakuwa benchi la jirani. Hili la mwisho alilitaja yeye, na mimi sikupinga, kwa kuwa ndilo ningetaja mimi. Alipokata simu nilitambua kuwa tumeandika upya aya yangu ya mwisho, na kwamba kifua cha mama yule kilikuwa sababu bora kuliko zote nilizokuwa nazo mimi.

Nikamweleza baba masharti yote. Nilitarajia aghadhibike kwa zile siku mbili.

"Kwani ni ajabu?" alisema, akipangusa macho. "Treni husimama nje ya stesheni ikingoja signali. Nimewasimamisha watu siku nzima na hawakufa."

Saa sita ya mchana ilipita, na shirika la ndege sikulipigia. Baba hakujua kuwa kulikuwa na saa ya kupita. Ila nilimnunulia kanta.

Ambacho sikukitegemea ni jinsi alivyolishika lile sharti juu yangu. Kuanzia Jumamosi ile alinikwepa ndani ya nyumba yangu. Chai niliiweka mezani, nikarudi nyuma, ndipo akaifuata. Jirani alipopanda kumuaga, baba alimwinulia mkono kwa mbali kama trafiki anayesimamisha magari, na yule Mkenya akafurahi mno. "Mzee ameiva!" alisema. "Sasa si wewe unamchunga, ni yeye anakuchunga."

Kwenye uwanja wa ndege wa Dulles nilinyoosha mikono nimkumbatie. Kichwa chake cheusi kikarudi nyuma.

"Tangazo," alisema.

"Baba, mimi sikohoi. Unajua wewe ndiye uliyekohoa."

"Najua. Lakini yule binti ameambiwa ni wewe." Akaweka mkono kifuani, akainama kidogo, akasukuma toroli yake. Nilisimama pale na mikono yangu, abiria wengine wakinipita kwa tahadhari.

Siku mbili za hoteli alipiga simu kuniambia joto la mwili wake, kwa sauti ya kutangaza treni. Siku ya tatu hakupiga. Nilikaa na simu kuanzia asubuhi, nikishuku kila kitu: homa, karantini, gauni jipya. Nilifikiria kumpigia binti wa Hamburg, kisha nikafikiri kuwa na yeye yuko benchi la jirani, na nikimpigia ataniona jinsi nilivyo. Mchana baba akapiga.

"Tumekutana," alisema. Nyuma yake nilisikia upepo, na mwanamke akicheka ndani ya barakoa.

"Mmekaa mbali mbali?"

"Benchi ni refu."

"Baba. Mmekaa kila mtu mwisho wake?"

"Tulianzia hapo."

"Na mikono? Mnakumbuka mikono?"

"Mikono tumenawa, mama," alisema baba. "Yote minne."